Gesi Zinazobeba Joto: Kipimo cha Muumba Ndani ya Jokofu

Hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi. Jokofu la nyumbani, chumba cha barafu cha wavuvi, kiyoyozi cha ofisini na jokofu la chanjo kwenye zahanati ya kijijini, vyote vina kazi moja: kuchukua joto lililo mahali hapa na kulipeleka pengine. Joto likiondoka, kinachobaki ndicho baridi. Kompresa inayonguruma na umeme unaoiendesha ni nguvu za kusukuma tu. Mbebaji mwenyewe wa joto ni gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba, inayogeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi usiku na mchana, mwaka hata mwaka, bila kuchakaa.

Wengi wetu hufungua jokofu mara nyingi kwa siku bila kuwaza lililomo ndani ya mabomba yake. Lakini ukiketi ukazilinganisha gesi hizo moja baada ya nyingine kwa hesabu za wataalamu, unakuta mambo yanayomfanya mtu amtukuze Mwenyezi Mungu. Unakuta kipimo kilichowekwa juu ya gesi zote, za ardhini na za maabara, na hakuna hata moja inayokivuka. Unakuta na somo zito pia: gesi ambazo binadamu alizibuni kwa fahari kubwa hazikupoza kuliko zile alizozikuta duniani zikimngoja.

Siri ya kuchemka

Pwani ya Tanga au Lamu, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Sheria ni hiyo: presha ikipungua, kuchemka kunakuwa rahisi. Ukizidi kuipunguza presha ndani ya chombo kilichofungwa mpaka ishuke chini ya sehemu moja ya mia ya presha ya pwani, maji yatachemka kwenye nyuzi 5, huku ukiyagusa ni ya baridi.

Na kila kinachochemka hudai joto, tena joto jingi mno. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli 419 hivi. Kuyageuza maji hayo hayo kuwa mvuke, bila joto lake kupanda hata kwa nyuzi moja, kunahitaji kilojuli 2,257, zaidi ya mara tano. Joto hilo huingia, lakini kipimajoto hakilioni. Mwanasayansi wa Uskoti, Joseph Black, alilichunguza katika miaka ya 1760, na leo shuleni linaitwa joto fiche. Ndilo linalopoza ngozi jasho linapokauka, na ndilo linalofanya maji ya mtungi wa udongo yawe ya baridi hata pasipo umeme kijijini.

Jokofu limejengwa juu ya siri hiyo. Kimiminika huingia kwenye koili ya ndani ambako presha ni ndogo, kikachemka kwa ukali kwenye joto lililo chini ya sifuri. Joto la kuchemkia kinalitoa wapi? Kwenye maziwa, kwenye nyama, kwenye maji ya kunywa uliyoyaweka humo. Kompresa huivuta ile gesi na kuigandamiza mpaka iwe ya moto kuliko hewa ya jikoni. Hapo hupita kwenye koili ya nje, ikaliachia joto, ikarudi kuwa kimiminika, kisha ikapenya kwenye bomba jembamba na kuanza upya. Weka kiganja chako nyuma au ubavuni mwa friji inayofanya kazi. Lile vuguvugu unalolihisi, sehemu yake kubwa lilikuwa ndani ya friji yako muda mfupi uliopita.

Kila molekuli na mzigo wake

Tuzilinganishe sasa. Chukua kilo moja ya kila gesi, uichemshe kwenye presha ya kawaida ya hewa, kisha uulize imebeba joto kiasi gani. Amonia hubeba kilojuli 1,370 hivi. Propani hubeba karibu 426. Isobutani karibu 366. Kwa upande wa gesi za kutengenezwa, R-134a iliyojaa kwenye magari na majokofu ya miaka ya karibuni hubeba karibu 217, na R-12, iliyotawala majikoni kwa miongo mingi, hubeba 165 tu. Kwa uzani, amonia inaishinda R-12 zaidi ya mara nane.

Mtu angedhani amonia imependelewa. Lakini hesabu molekuli badala ya kilo, na jambo la ajabu litajitokeza. Molekuli ya amonia ni nyepesi, uzito wake ni 17 kwa kipimo cha wanakemia. Ya propani ni 44. Ya R-12 ni 121, kwa kuwa imebebeshwa klorini na fluorini. Ukigawa joto lile kwa idadi ya molekuli, tofauti kubwa huyeyuka: kwa kipimo kile kile cha molekuli, ambacho wanakemia hukiita moli, propani hubeba kilojuli 19 hivi, R-12 hubeba 20, isobutani 21, R-134a 22 na amonia 23. Nyepesi na nzito, ya ardhini na ya kiwandani, kila molekuli imepewa mzigo unaokaribiana na wa mwenzake. Frederick Trouton, mwanafizikia wa Ireland, aliueleza uwiano huu mwaka 1884: joto la kuchemkia hufuatana na nyuzi ambazo kitu huchemkia, na vimiminika vingi hutii uwiano mmoja.

Maji ndiyo yaliyotoka kwenye mstari. Yenyewe hubeba kilojuli karibu 41 kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu molekuli zake hushikana kwa nguvu zisizo za kawaida. Viumbe vyote vinayahitaji maji ili viishi, na ndiyo yaliyopewa uwezo mkubwa kuliko gesi zote hizi wa kubeba joto kutoka mwilini, baharini na msituni. Mwenye kutafakari atafakari hapo.

Dari isiyovukwa

Kubeba joto jingi kwa kilo si lazima kuwe kubeba kwa gharama ndogo. Mafundi na wahandisi wana kipimo kingine: kwa kila uniti moja ya nguvu inayotumiwa na kompresa, ni uniti ngapi za joto zinaondolewa? Ili ulinganisho uwe wa haki, gesi zote huwekwa kwenye hali moja katika hesabu: kuchemka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na kurudi kimiminika kwenye nyuzi 30.

Katika hali hiyo, amonia hupata karibu 4.8. R-12 na R-22, gesi nyingine ya kutengenezwa, hupata karibu 4.7. R-134a na isobutani hupata karibu 4.6. Propani hupata karibu 4.5. Tazama jinsi zilivyosongamana. Gesi ya kutoka kisimani, gesi iliyobuniwa na wanakemia na kulindwa kwa hataza, na gesi ambayo wakulima huijua kama mama wa mbolea ya urea, zote zinasimama karibu mstari mmoja. Na juu yao kuna dari. Mfaransa Sadi Carnot alichapisha mwaka 1824 msingi wa hoja ambayo haijavunjwa hadi leo: kati ya joto la chini na joto la juu, kuna kikomo ambacho mashine yoyote haiwezi kukivuka, haijalishi ndani yake mna nini. Kwa nyuzi hizo mbili tulizozitaja, kikomo ni 5.7. Muumba ameweka mpaka, na gesi zote zinauheshimu.

Kwa hiyo tofauti kubwa baina ya gesi hizi iko nje ya uwezo wa kupoza. Iko kwenye ukubwa wa kompresa, kwenye presha ndani ya mabomba, kwenye sumu na moto, na zaidi ya yote, kwenye kile gesi inachokifanya siku inapovuja. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila, na hakuna mahali msemo huo unapothibitika kuliko hapa.

Tulipotafuta gesi isiyo na ila

Hadi miaka ya 1920, majokofu ya nyumbani huko Marekani na Ulaya yalitumia gesi za hatari, kama dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Bomba likipasuka usiku, familia ilikuwa hatarini. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata jawabu katika gesi za klorini na fluorini, na mwaka 1930 Midgley alivuta pumzi ya R-12 mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipuliza kuzima mshumaa. Haikuua, haikuwaka. Ilionekana kuwa baraka tupu, na kwa kweli iliokoa maisha ya watu wengi.

Ila yake ilikuwa imejificha ndani ya sifa yake. Gesi isiyoungana na kitu chochote hapa chini haiozi. R-12 hudumu angani kwa takriban miaka 100, ikipanda polepole mpaka kilomita 15 na zaidi, lilipo tabaka la ozoni. Tabaka hilo linalotukinga na miale mikali ya jua, kama lingekusanywa na kuletwa usawa wa bahari, lingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Ngao ya viumbe wote wa nchi kavu ni milimita 3! Huko juu, miale ya jua huivunja R-12 na kuiachia klorini, na atomu moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko.

Tulikuwa tumefanya biashara mbaya bila kujua. Tulinunua usalama wa jikoni kwa ngao ya mbinguni, na katika kupoza kwenyewe hatukupata chochote ambacho amonia haikuwa ikitupa tangu karne ya 19.

Mwanadamu hakuumbwa na mikono ya kuharibu tu. Alipewa pia akili ya kurudi nyuma. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ilitiwa saini, na baadaye nchi zote za dunia zikairidhia. Tathmini ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inakadiria kwamba ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo mwaka 2040 hivi sehemu nyingi za dunia, na 2066 hivi juu ya Antaktika. Kidonda kinapona. Hilo nalo ni ajabu: anga imeumbwa ikiwa na uwezo wa kujiponya, mradi tuache kuichokonoa.

Zilizokuwapo tangu mwanzo

Badala ya R-12 zilikuja gesi zisizo na klorini, R-134a ikiwa mbele. Ozoni ikasalimika. Lakini kilo moja ya R-134a ikiachiwa angani, kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto sawa na kilo kati ya 1,300 na 1,500 hivi za kabonidioksaidi. R-404A ya majokofu ya maduka makubwa hufikia karibu 3,900. Hapo ndipo wahandisi walipoanza kurudi, mmoja mmoja, kwenye gesi zilizokuwapo kabla ya maabara.

Amonia haipashi dunia joto kabisa. Viwanda vingi vya barafu, vya bia na vya samaki duniani havikuwahi kuiacha. Ukiingia kwenye kiwanda cha barafu utaona mabomba ya chuma yamevaa ganda jeupe la barafu, nene kama kidole, ilhali nje jua linachoma. Mabomba ni ya chuma kwa sababu amonia hula shaba. Ila yake ni sumu. Lakini angalia alivyoifunga Mola na onyo lake: harufu yake hukuchoma puani ikiwa bado kidogo sana hewani, muda mrefu kabla haijafikia kiasi cha kuua. Mtu mzima hakai hapo akabembelezwa, hukimbia.

Kabonidioksaidi tunaitoa kifuani kila pumzi. Katika kupoza ina nguvu ya ajabu: mvuke wake ni mzito kiasi kwamba kompresa ndogo hufanya kazi ya kubwa. Mnorwei Gustav Lorentzen ndiye aliyeifufua mwishoni mwa karne ya 20, baada ya kusahauliwa. Ila zake ni mbili. Kwenye nyuzi 30 presha yake ni zaidi ya mara 70 ya presha ya hewa, kwa hiyo inadai mabomba imara. Na ikizidi nyuzi 31, haigeuki kimiminika hata uigandamize vipi. Katika hesabu ile ya nyuzi 15 chini ya sifuri na 30 juu, hupata chini ya 3. Kwenye baridi ya Norwei inang'ara, lakini mchana wa Februari huko Mombasa au Dar es Salaam inahema. Hata hivyo wahandisi wameioanisha na amonia: amonia hubaki chumba cha mashine ikishughulika na joto la nje, kabonidioksaidi huzunguka kwenye vyumba vya kugandisha ikibeba joto kutoka humo. Kila moja huziba pengo la mwenzake.

Propani na isobutani ni ndugu wa gesi tunayopikia. Gesi inayowasha jiko ndiyo aina ile ile inayogandisha maji. Wajerumani walianza kuuza majokofu ya namna hiyo mwaka 1993, na leo friji nyingi mpya za nyumbani duniani zina isobutani. Chungulia kibandiko cha nyuma ya friji mpya au karibu na kompresa: utaona R600a, na pembeni yake uzani, mara nyingi gramu 40 hadi 70. Mtungi mdogo wa gesi ya kupikia una kilo 6. Gramu chache tu zinatosha kulinda chakula cha familia kwa miaka mingi. Ila yake ni moto, na ndiyo maana kwa miaka mingi kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha gramu 150 kwa jokofu la nyumbani.

Na maji je, mfalme wa kubeba joto? Yanatumika, katika mitambo mikubwa ya kupoza majengo. Lakini kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 5 hujaza mita za ujazo karibu 147, yaani chumba chenye urefu wa mita 7, upana mita 7 na kimo mita 3. Hakuna kompresa ya nyumbani itakayomeza mvuke huo. Isitoshe, chini ya sifuri maji huganda. Aliyepewa uwezo mkuu kuliko wote, naye amewekewa mpaka wake.

Wajibu wetu

Tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi kama R-134a na R-404A. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na zaidi ya nchi 150 zimeyaridhia. Yakitekelezwa, dunia yaweza kuepushiwa hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne hii. Ni fahari ya Afrika Mashariki kwamba jina la mji wetu limeandikwa kwenye makubaliano hayo. Fahari hiyo ina deni lake.

Deni lenyewe liko mtaani kwetu. Friji ya zamani imekufa, fundi anakuja, anakata bomba kwa koleo, gesi inatoka kwa mluzi wa sekunde chache, kisha kimya. Gramu 150 za R-134a zilizotoka katika sekunde hizo ni sawa na kilo 200 hivi za kabonidioksaidi. Fundi hana ubaya. Wengi hawakufundishwa, na mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi kwenye mtungi ni ghali kwa mtu wa mtaani. Vyuo vya ufundi, serikali na sisi wenye friji tuna sehemu yetu.

Basi, msomaji, ukienda kununua jokofu, soma kibandiko. Ukiona R600a (isobutani) au R290 (propani), umeona gesi isiyoigusa ozoni na isiyoipasha dunia joto kwa kiasi cha kutisha, na ambayo haipungukiwi na wenzake katika kupoza. Usimruhusu mtu kujaza gesi ya kupikia au propani kwenye friji ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Swichi zake zaweza kutoa cheche, na gesi ya jikoni ina unyevu na takataka zitakazoua kompresa. Friji yenye R600a ikiharibika, mtafute fundi aliyesomea kazi hiyo, na asilete moto wa kuchomelea kabla gesi haijaondolewa na chumba kupitiwa na hewa. Na mashine ya zamani ikifika mwisho wake, mwambie fundi avute gesi kwenye mtungi, umlipe kwa kazi hiyo. Muumba ametuwekea duniani gesi za kutosha kupozea chakula, dawa na nyumba zetu, kila moja na uwezo wake na ila yake. Kuzitumia kwa kipimo, bila kuitoboa anga aliyotufunika nayo, ni sehemu ya shukrani tunayodaiwa.